Mstari Uliopita Jikoni

Maharage ya Mama Eustakia yalikutwa asubuhi yamelala chini, na si yote. Yaliyolala ni ya mstari mmoja tu, upana wa mtu anayepita, kuanzia kwenye mnyaa wa mpaka, kona ya juu, hadi ukutani kwa jiko, na mstari wenyewe umenyooka kama kamba ya fundi ujenzi. Sasa, ng'ombe hapiti hivyo. Ng'ombe anakula, anazurura, na kinyesi anakuachia juu yake. Mwizi naye hapiti hivyo. Mwizi gani atoke kwake aje akanyage maharage halafu ayaache?

"Mgeni, hebu njoo uone," Mama Eustakia aliita.

Deodata alitoka na mswaki mdomoni. Aliyatazama maharage, akautazama ukuta wa jiko. Pale mstari ulipogusa ukuta, udongo ulikuwa umelowa, na mvua haikuwa imenyesha. Aliingia ndani. Majivu yalikuwa yamekanyagwa, figa moja limesukumwa pembeni, na unyevu ule ule ulikuwa kwenye ukuta wa pili, kisha ukaendelea nje kwenye majani. Jiko zima lilinuka tope la bondeni, la mahali mafunjo yanapoozea.

"Mbwa huyo, mama," alisema.

"Mbwa apite ukutani?"

Deodata alisukutua, akatema povu. Jibu, na tusidanganyane, hakutaka hata kulitafuta. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa jana, ule unaoisha kwa chai na usingizi. Huu ulikuwa wa miaka, mtu analala nao na kuamka nao mpaka anauona kama ndugu aliyekuja kutembea akagoma kuondoka.

Kazi yake ilikuwa ramani. Mradi wa kupima mashamba ya vijijini ulikuwa umemchukua kwa mikataba mifupi mifupi, ile ya kusaini leo na kumwomba Mungu kesho. Anazunguka mipaka ya watu na kifaa cha GPS mkononi, kila kona anabonyeza kitufe ili setilaiti ziseme kona hiyo iko wapi duniani, na jioni anachomeka waya kwenye laptop na kuyachora yote hayo kwenye programu ya ramani. Alishapanda na kushuka milima ya Mbuba. Alishatembea Nyakisasa mpaka kucha za miguu zikang'oka. Sasa alikuwa Kirushya. Nusu ya wilaya ya Ngara imepata hati kwa miguu yake, na yeye mwenyewe hana hata pa kupanda mchicha.

Kirushya alifikia kwa Mama Eustakia kwa sababu nyumba ya wageni iko mbali na mama huyu alikuwa na kitanda cha ziada. Mama Eustakia alikuwa mjane. Mumewe, marehemu Theonest, alimwachia kibanja kizuri cha migomba, kimeanzia ukingoni mwa bonde mpaka nyuma ya jiko, juu, mlima unapoanza kuwa mkali. Alimwachia pia shemeji, na huyo ndiye aliyekuwa mzigo. Juvenali, mdogo wa marehemu, tangu matanga yaondolewe alikuwa haishi kusema kwamba ardhi ya baba yao haiwezi kubaki kwa mwanamke aliyekuja na sanduku. Baraza la kijiji lilikuwa likae wiki ile ile. Shamba lililopimwa likakamilika lingepewa hati ya kimila siku hiyo hiyo. Ambalo halijakamilika lingerudishwa kwa ukoo likazungumzwe, na kwenye ukoo mwenye mdomo alikuwa Juvenali. Kwa hiyo Mama Eustakia alikuwa akiitazama ile kompyuta kama wagonjwa wanavyomtazama daktari.

Tatizo, na Deodata alilijua japo alikuwa hajakubali kulijua, lilianza jana yake.

Jana walikuwa wametembea mpaka wote, Mama Eustakia mbele na panga, Deodata nyuma na kifaa. Walipofika chini, migomba inapoishia na mafunjo yanapoanza, mama alisimama kwenye mnyaa.

"Tuishie hapa."

"Bado, mama. Kona iko kule kwenye jiwe."

"Ego, ndiyo, najua. Tutaanza tena pale kwenye jiwe. Hapa katikati hatupimi. Hapa hapafungwi."

"Kwa nini?"

"Marehemu hakuwahi kupafunga. Baba yake naye hakupafunga. Huku chini pako wazi, na kule juu nyuma ya jiko pako wazi. Ni njia."

"Njia ya nani?"

Mama Eustakia alijifuta jasho la shingo kwa ncha ya khanga. "Njia tu, mwanangu. Wewe bonyeza."

Siku nyingine Deodata angeuliza mpaka aelewe. Kila mji una jambo lake. Kuna ambao hawapimi bila kumwaga pombe kidogo kwenye kona, kuna ambao mpaka lazima uanzwe na mtoto wa kwanza, na yeye alikuwa amejifunza kuyaheshimu yote. Lakini jua lilikuwa limewaka na magoti yanauma. Akabonyeza.

Magharibi alikaa ndani na laptop. Nje walikuwa wanakusanya vyombo, wanakunja mikeka. Alishaona kwamba katika mji ule, jua likizama, hakuna anayekaa uani kati ya nyumba na jiko, hata kuku wanafukuzwa. Kwenye kioo ikaonekana mistari miwili, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, haigusani chini wala juu. Programu ikaandika kwa wekundu kwamba umbo halijafungwa, hivyo haiwezi kutoa ekari.

La kufanya lilikuwa wazi. Asubuhi arudi na mama, wakae chini, waulizane hiyo njia ni nini. Lakini asubuhi alikuwa na mashamba mengine, mlima mwingine. Akashika ncha ya mstari mmoja akaiburuta mpaka kwenye ncha ya mwenzake, chini. Akafanya hivyo hivyo juu. Mstari wa juu ulikata kona ya jiko, akauona, akasema moyoni, nani atajua. Umbo likajaa rangi, ekari zikatokea.

Wakati huo huo nje palikuwa na mtu anapanda. Ndivyo alivyosikia, hatua nzito za mtu mwenye mzigo, zinatoka bondeni. Rangi ilipojaa, hatua zikasita. Zikarudi nyuma kidogo, zikaja tena, zikasita tena. Deodata akafunga kompyuta, akalala.

Na kulipokucha ndiyo hayo maharage.

Siku hiyo alikwenda kazini kama kawaida, akarudi jioni. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri. Mama Eustakia alikuwa ndani amempakata mjukuu, na mkwewe Francisca alikuwa jikoni anamalizia ndizi, anaharakisha ili atoke uani kabla ya muda. Francisca alikuwa binti mpole, mumewe yuko machimboni, mtoto wao hajatimiza hata miezi ya kukaa. Wakasikia sufuria imeanguka. Wakasubiri asonye, maana Francisca akiangusha kitu husonya. Hakusonya.

"Francisca?" mama aliita.

Walimkuta amesimama kati ya mafiga, miguu imelowa mpaka kwenye vifundo, macho yako wazi. Ndizi zilikuwa zimemwagika na yeye hazitazami. Harufu ya tope ilikuwa imejaa jikoni kiasi kwamba ilibidi Deodata azibe pua. Kisha Francisca akatoka, akafuata ule mstari wa maharage, akaanza kutembea.

"Unaenda wapi, mwanangu?"

"Napita."

"Unapita unakwenda wapi?"

"Napita tu, mama."

Walidhani atarudi. Alirudi, kweli, ila kwa upande wa pili, baada ya kuzunguka kibanja chote, na alipofika usawa wa nyumba hakugeuza hata shingo mtoto alipolia. Akaingia jikoni kwa kuugonga ukuta kwa bega mpaka udongo ukamegeka, akapita, akatokea upande wa pili, akaendelea. Walimkamata wawili, Deodata kiunoni na mama mabegani, wakamlaza chini, na miguu yake ikaendelea kwenda, ikichimba vumbi, mbele nyuma, mbele nyuma, huku yeye mwenyewe amelala anawatazama kwa macho ya mtu anayeomba msamaha. Walipomwachia akainuka. Tena hakuinuka kwa nguvu za kichaa kama mnavyosikia kwenye hadithi nyingine, hapana, aliinuka kama mama anavyoinuka kwenda shamba siku anayoumwa, kwa sababu hakuna mwingine wa kwenda.

Usiku ule tuuache ulivyo. Asubuhi Francisca alikuwa bado anatembea.

"Nimechoka, mama," alikuwa akisema kila akipita mbele ya mlango, kwa sauti ndogo. "Nimechoka. Mwambieni anifungulie." Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni kifuani. Nyayo zilikuwa zimeanza kuacha damu kwenye majani. Mama Eustakia alijaribu kumwekea mtoto kwenye titi huku akitembea naye sambamba, mwanamke wa umri ule, kinyumenyume kwenye mashina ya migomba, na mtoto hakuweza kushika.

Katekista Sostenes aliitwa. Alikuja na maji ya baraka na rozari, mtu mwema, akatembea kando ya Francisca akisali, kwa sababu angesali vipi na mtu hasimami? Walipofika kona ya chini, mguu wake mmoja ukakanyaga mstari. Deodata alimwona akiduwaa. Alimwona akivuta mguu kama mtu aliyenaswa na matope pakavu, akapiga kelele, "Yesu Maria!" akaruka pembeni, na kiatu kikabaki pale pale. Hakurudi kukichukua. Alisema atamletea padri habari, akaondoka mguu mmoja na soksi tu.

Ndipo Deodata akaamua kumfuata Francisca, hatua kumi nyuma, na kutazama. Pembeni Francisca alifuata minyaa, kona kwa kona, kama mpaka ulivyo. Lakini chini hakufuata ukingo wa bonde unaopinda. Alinyoosha. Aliingia kwenye mtaro, maji mpaka kiunoni, akatokea ng'ambo, akaunganisha mnyaa na jiwe kwa mstari ambao hakuna mguu wa binadamu umewahi kuupita, ambao hauko popote duniani isipokuwa mahali pamoja.

Alikwenda mbio kuchukua kifaa. Alisimama kwenye nyayo za Francisca akabonyeza, akasogea, akabonyeza tena. Akachomeka waya. Nukta zikatokea kwenye kioo, na zote zilikaa juu ya mstari wake, ule alioburuta kwa kidole akiwa na usingizi.

"Mama," alisema. Mama Eustakia alikuwa mlangoni, mtoto begani. "Mama, nimepafunga."

"Umefunga nini?"

"Pale uliponiambia pasifungwe. Nimepafunga kwenye kompyuta. Chini na juu."

Kama mama angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alikaa tu kwenye kizingiti. "Nilikwambia, mwanangu," alisema. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

"Basi twende kwa Ildefonsa."

Bibi Ildefonsa alikuwa mkunga wa zamani, nusu ya kilima kile imepitia mikononi mwake, na watu walimwendea pia kwa mambo ambayo zahanati haina dawa yake. Walimkuta anapeta karanga, ana mafua makali, hataki wageni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Semeni upesi, kichwa kinaniuma."

Walisema. Alisikiliza huku akipenga kamasi, hakushangaa popote mpaka waliposema Francisca anatembea tangu jana. Hapo akaweka ungo chini.

"Yule ni mpitaji," alisema. "Magharibi anatoka bondeni, anapanda mlimani. Anafuata nini huko sijui, sikuwahi kumuuliza, na nyie msimuulize. Babu zake Theonest walipojenga pale walimkuta anapita, wakamwachia pa kuingilia na pa kutokea. Jini hilo halina ubaya na mtu. Lina jambo moja tu, haliwezi kusimama. Ukilizibia linazunguka. Likizunguka sana linachoka. Likichoka linatafuta miguu ya mtu lipumzikie."

"Lipumzikie?" Deodata aliuliza.

"Kwani wewe ukichoka huombi lifti? Sasa mmelifungia na nini? Ukuta? Miiba?"

"Kompyuta, bibi. Ni mstari tu. Hauonekani."

Bibi Ildefonsa aliinuka, akajifunga khanga. "Na mpaka wa Theonest ulikuwa unaonekana? Minyaa michache na neno la watu. Mpaka wowote ni neno, binti. Lako limesikika mpaka juu kwenye hivyo vyuma vyenu vinavyozunguka. Nenda kafungue."

Alikuja nao, akilalamika njia nzima. Deodata alifungua laptop uani, betri inakaribia kwisha, akafuta mstari wa chini, akafuta na wa juu. Rangi ikatoka kwenye umbo. Francisca alikuwa kwenye migomba ya juu. Walimwona amepunguza mwendo, akapiga magoti, akalala palepale kwenye majani makavu, na usingizi ukamchukua kabla hawajamfikia. Magharibi ilipofika wakajifungia ndani. Zikasikika zile hatua nzito zikitoka bondeni, zikapita kati ya nyumba na jiko bila kusita, zikaenda zao mlimani, na baada yake harufu ya tope ikaisha kidogo kidogo.

Mama Eustakia alilia kwa mara ya kwanza. Bibi Ildefonsa alikuwa ameketi sakafuni anaikanda miguu ya Francisca kwa maji ya chumvi, miguu iliyovimba mpaka vidole haviachani, na mtoto alikuwa ananyonya huku mama yake amelala fofofo.

"Baraza ni kesho," Deodata alisema.

"Najua."

"Bila kufunga umbo haitoi ekari. Bila ekari hakuna hati."

"Basi hakuna hati," Mama Eustakia alisema. "Juvenali achukue. Ardhi itaondoka, mtoto atabaki na mama yake. Nitakwenda kwa dada yangu." Alisema hivyo akiutazama mlango, na Deodata akajua anaitazama migomba iliyoko nje, ambayo aliipanda mwenyewe akiwa mwali, na kaburi la Theonest lililo katikati yake. Roho ilimuuma kuliko alivyotarajia. Alikuwa amefikiri amechoka kiasi kwamba hakuna kitu cha watu kingeweza kumuuma tena.

Akafungua laptop upya, akaichomeka kwenye betri ya sola. Kulikuwa na namna. Badala ya umbo moja lililofungwa, achore mawili, la kushoto lenye nyumba na kaburi, la kulia lenye jiko, yote ya Mama Eustakia, na katikati abakize kipande chembamba kirefu, toka bondeni mpaka mlimani, kwa upana wa uwanja ule ambao hakuna aliyekaa magharibi. Jiko alikwenda kulipima upya kona zake kwa tochi ya simu, safari hii bila uvivu. Ikakubali. Ekari zikatoka. Ila kipande cha katikati kilibaki na wekundu, kwa sababu programu haikubali ardhi isiyo na mmiliki.

"Kiandike cha kijiji," mama alisema.

"Thubutu!" Bibi Ildefonsa alidakia. "Cha kijiji kila mtu atapita na mbuzi wake, na kila atakayekutana naye humo atabebeshwa. Kinataka mwenyewe. Mtu mmoja, anayekubali kupitiwa."

"Kupitiwa ni nini, bibi?"

"Ni hivyo hivyo ulivyosikia. Mwenye njia ndiye njia. Mahali alipo, njia ipo."

"Niandike mimi," Mama Eustakia alisema.

Deodata alitikisa kichwa. Vipande vitatu vinavyogusana, jina moja, baraza lingeviunganisha kuwa kimoja kabla ya chakula cha mchana. Akamtazama Francisca, akayaondoa macho haraka. Akamtazama bibi.

"Mimi usinitazame," Bibi Ildefonsa alisema. "Nina miguu mibovu."

Hata mama alicheka, kicheko cha kwikwi. Deodata naye alicheka. Kisha, akiwa bado anacheka, akaandika namba ya kitambulisho chake mwenyewe, maana ndiyo aliyoijua kwa kichwa. Kipande kikawa kijani. Ilikuwa ardhi ya kwanza maishani mwake kuandikwa jina lake.

"Umemweka nani?"

"Mimi."

Mama Eustakia alimshika mkono. Bibi Ildefonsa alipenga kamasi, akafikiri.

"Wewe ndiye uliyemfungia, ni haki," alisema hatimaye. "Hatakudhuru ukimpa adabu yake. Popote unapokaa, magharibi fungua milango, wa mbele na wa nyuma. Aingie huku atokee kule. Atapita tu."

"Sawa, bibi," Deodata alisema. Alikuwa anasinzia.

Baraza lilikaa chini ya mabati ya ofisi ya kijiji, mtendaji akasoma majina kwa sauti ya mtu mwenye njaa. Liliposomwa la Mama Eustakia mara mbili, Juvenali alisimama, akasema mengi kuhusu baba yao. Mtendaji akamwuliza kama ana kona isiyo sahihi. Hakuwa nayo. Kiliposomwa kile kipande chembamba kwa jina la Deodata, Juvenali akamgeukia, akacheka kwa hasira. "Umejipatia uchochoro, dada! Hongera." Watu wakacheka. Mama Eustakia alipokea hati zake kwa mikono miwili, akazifunika kwenye khanga, akatembea mpaka nyumbani bila kumsalimu mtu, kwa kuogopa asije akazidondosha. Siku ya kuondoka alimfungia Deodata mkungu wa ndizi, na Francisca alitoka mpaka mlangoni kumuaga, miguu imefungwa vitambaa, mtoto mgongoni.

Deodata alifika mchana Biharamulo, alikopanga chumba. Kwa siku chache hakukuwa na kitu. Alilala, akafua, akalala tena. Akaanza kufikiri bibi alikuwa anazungumza kwa desturi tu, kama wazee wanavyosema ukipiga mluzi usiku unaita nyoka.

Jioni moja alikuwa amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Adhana ya magharibi ilikuwa imeisha msikitini. Jirani yake Jovitha alikuwa koridoni anawasha mkaa. Na kabla ya moshi wa mkaa, Deodata alisikia harufu nyingine, ya mafunjo yanayooza, na hatua nzito za mtu mwenye mzigo, zinakuja koridoni polepole. Alimsikia Jovitha akipiga chafya. Zikamfikia Jovitha, zikampita.

Aliogopa, lakini alikumbuka adabu. Aliinama akausukuma mlango ukawa wazi kabisa. "Karibu," alisema. "Pita."

Pazia likatuna. Unyevu ukaingia juu ya sakafu ya saruji, hatua moja, mbili, ukapita mbele ya beseni, ukanyooka mpaka ukuta wa mbele. Ukuta ukalowa. Deodata akasubiri kile kitu kitoke. Unyevu ulikwenda kushoto ukagusa kabati, ukaenda kulia ukagusa kitanda, ukarudi kwenye ukuta, na ndipo alipoutazama ule ukuta kana kwamba hajawahi kuishi nao. Matofali, chokaa, kalenda ya parokia. Dirisha la nondo upande mmoja. Ilikuwa ni nyumba ya kupanga, chumba kwa chumba, mgongo kwa mgongo na vyumba vya upande wa pili, na chumba chake, kama cha Jovitha na cha kila mtu katika korido ile, kilikuwa na mlango mmoja.

Kile kitu kilizunguka kitanda. Kikazunguka tena. Kila mzunguko hatua zilikuwa nzito kuliko za kwanza, zinaburuta.

"Dada Deodata," Jovitha aliita kutoka nje, "mbona mlango wazi na mbu wote hawa?"

Alitaka kumjibu. Alitaka kumwambia achukue nyundo, amwite mwenye nyumba, waubomoe ukuta. Hatua zikafika mbele yake zikakoma, na maji ya kwenye beseni yakapoa ghafla.

"Nimechoka," alisema kwa sauti ya kuomba. "Na mimi nimechoka, jamani."

Miguu yake ikatoka kwenye beseni, mmoja, kisha mwingine, ikaanza kutembea.